Jarida Zito Halifiki Nyarugusu

Uhakiki wa majarida tumezoea kuuanzia kwenye jalada. Tunasema picha ya mbele imechaguliwa vizuri au ovyo, tunahamia kwenye tahariri, halafu hadithi, halafu mashairi, tunamalizia na makosa ya chapa. Kwa jarida la karatasi utaratibu huo unatosha. Jarida la kidijitali lina kitu kinachotangulia jalada, nacho ni ile namba ndogo iliyo chini ya jina la faili: MB 12, MB 60, MB 146. Msomaji anaiona kabla ya kitu kingine chochote, na wengi wanaishia hapohapo. Hoja yangu leo ni kwamba namba hiyo ni sehemu ya kazi, kama ilivyo lugha na mpangilio wa kurasa. Mhariri anawajibika nayo. Asimsukumie fundi wa kompyuta.

Kilichonisukuma kuandika ni toleo maalumu la jarida moja shirikishi la Kiswahili, jina nalihifadhi, kuhusu maisha ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kuanzia Mwakitolyo upande wa Shinyanga hadi Katoro na Nyarugusu upande wa Geita. Ni faili la PDF lenye kurasa 48, picha 40, sauti tatu, video moja na vitufe vya kubofya karibu kila ukurasa. Uzito wake ni MB 146.

Niseme mapema: kwa maandishi, ni toleo zuri. Waandishi wake walikwenda wakakaa na watu, na inaonekana. Lugha ya machimboni imo bila kuombewa radhi: duara, karasha, mwalo, kuchenjua. Makala bora kuliko zote inahusu marudio, yaani ule mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa, kuoshwa na kukamatishwa kwa zebaki. Mwandishi anaeleza vizuri jinsi zebaki isivyokamata dhahabu yote, na jinsi mchimbaji anavyoacha sehemu ya jasho lake kwenye rundo ambalo baadaye litanunuliwa na mwenye mtambo wa sayanidi, naye atatoa humo dhahabu ambayo mwenye duara hakuiona. Hadithi fupi iliyofuata imeandikwa kwa mkono uliotulia, na mazungumzo yake yana Kisukuma cha kutosha kumfanya msomaji wa kule ajisikie nyumbani. Kwa kifupi, ningependa watu wa Nyarugusu walisome.

Sasa hapo ndipo kuna kazi. Programu za kutengenezea PDF zina sehemu inayoonyesha ni kitu gani kinakula nafasi kiasi gani. Nikalipima faili. Picha zimechukua karibu MB 90. Video ya jalada, sekunde chache za vumbi likipeperuka juu ya karasha, MB 38. Sauti tatu, jumla dakika 12, MB 12. Zilizobaki ni fonti na mapambo ya nyuma ya kurasa. Na maandishi je? Toleo lina maneno kama 22,000. Neno la Kiswahili pamoja na nafasi yake lina wastani wa herufi saba hivi, kwa hiyo maandishi yote, makala, hadithi, mashairi na tahariri, hayazidi kilobaiti 160. Yaani katika kila sehemu elfu moja za uzito wa jarida hili, fasihi ni sehemu moja. Sehemu 999 ni nguo.

Mtu atasema, mbona hilo ni la kawaida, picha na video daima ni nzito. Ni kweli. Ila tuangalie nani anabebeshwa uzito huo. Katoro ni mji wa biashara, mtandao upo na simu janja zimejaa. Kinachobana ni bando. Wengi wananunua bando la siku au la wiki, wanalihesabu kwa MB, na wanajua kabisa kila kitu kinakula kiasi gani. Mtakumbuka Aprili 2021, kampuni za simu zilipobadilisha bei za vifurushi: kelele za wananchi zilikuwa kubwa hadi serikali ikasitisha bei mpya papo hapo. Bando ni kama unga au nauli, watu wanalijadili kwa uchungu uleule. Halafu kuna nafasi kwenye simu. Simu nyingi ninazokutana nazo huko ni za GB 16 au 32, na sehemu kubwa imeshaliwa na mfumo wa simu na video za makundi ya WhatsApp. Ili MB 146 iingie, inabidi mtu afute kitu. Afute picha za harusi ya dada yake?

Ukitoka mjini ukaenda kwenye maduara yenyewe, faili linatembea kwa mkono. Linarushwa kwa Xender, kwa bluetooth, au linaingizwa kwenye memori kadi pale kwenye banda la kuchaji simu na kuuza nyimbo. Kwa bluetooth, faili la MB 8 linapita kwa muda usiofika dakika moja. La MB 146 linahitaji kama dakika kumi au zaidi, na simu mbili zikiwa zimekaa pamoja bila mtu kuondoka. Kabla ya 2022 WhatsApp haikupokea faili lililozidi MB 100. Siku hizi inapokea hadi GB 2, na nadhani ruhusa hiyo imewalegeza wahariri wetu. Mlango ulipopanuka, walisahau kuwa anayebeba mzigo ni yuleyule.

Ugonjwa huu haukuanzia kwetu. Mwaka 2010 jarida la Wired la Marekani lilitoa toleo lake la kwanza kwa ajili ya iPad, na lilikuwa na takribani MB 500. Watu walipolichungulia ndani wakakuta kurasa zimehifadhiwa kama picha, na kila ukurasa mara mbili: picha moja ya kusoma iPad ikiwa imesimama, nyingine ikiwa imelazwa. Maneno, kitu chepesi kuliko vyote, yalikuwa yamegeuzwa picha, kitu kizito. Sababu ilikuwa ya kiutamaduni kuliko ya kiufundi. Wasanifu waliolelewa na karatasi walitaka ukurasa ubaki vilevile walivyoupanga, herufi isisogee hata nywele moja. iPad ndogo ya wakati ule ilikuwa na GB 16, kwa hiyo matoleo kama thelathini tu yangeijaza. Nasi tukarithi tabia hiyohiyo, bila kurithi iPad wala intaneti ya waya ya nyumbani.

Kuna jambo lililonisikitisha zaidi kwenye toleo letu hili. Video na vitufe vilivyopachikwa ndani ya PDF havifanyi kazi kwenye programu nyingi za kusomea PDF katika simu. Vinafanya kazi kwenye kompyuta ya msanifu. Kwa hiyo aliyejikamua akapakua MB 146 akiwa Katoro alilipia MB 38 za video ambayo kwenye simu yake ni picha iliyoganda, na vitufe ambavyo akivibonyeza vinamkodolea macho tu. Ushirikishi wa jarida hili umeishia ofisini lilikotengenezwa.

Ndipo kikafuata kile ambacho hufuata siku zote. Watu wakajipunguzia wenyewe. Mmoja mwenye simu nzuri alifungua toleo, akapiga picha za kioo ukurasa kwa ukurasa, akazirusha kwenye makundi. WhatsApp ikazibana. Aliyepokea akapiga picha ya picha, akarusha tena. Nikiwa Nyarugusu, mama mmoja anayeponda mawe pale mwaloni alinionyesha ukurasa wa 17, ambao una picha yake na aya nne za maneno yake. Sura yake ilitambulika. Maneno yake yalikuwa yamevurugika, mistari ya kijivu tu. Nilikuwa na faili zima kwenye simu yangu, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hapo wamekosea. Mimi silipwi kwa siku. Nalipwa kwa mfuko. Wasipoleta mawe, silipwi."

Neno moja. Lakini hilo ndilo neno linaloeleza uchumi wote wa mwaloni: kazi ipo siku mawe yapo, na siku maduara yakijaa maji au yakifungwa, mponda mawe anakaa njaa huku akihesabiwa kuwa ana ajira. Makala ilimpa mshahara wa siku, na kwa kufanya hivyo ikamwondolea shida anayoijua kuliko mwandishi. Nilipitia toleo zima nikitafuta mahali pa kupeleka sahihisho lake. Vitufe ni zaidi ya sitini. Kipo cha kukuza picha, kipo cha kurudi kwenye yaliyomo, kipo cha kumsikiliza ndege akilia asubuhi. Hakuna namba ya simu. Hakuna ukurasa wa barua. Jarida shirikishi halikumpa nafasi ya kushiriki mtu ambaye picha yake inalipamba.

Kwa hiyo nikisema jarida lipunguzwe uzito, sina maana ya kulitupia kwenye mashine ya kubania iliyoko mtandaoni ambayo inakandamiza kila kitu kwa kipimo kimoja. Mashine ya namna hiyo itabana picha ya vumbi na itabana mchoro wa duara wa ukurasa wa 9 kwa nguvu ileile, na yale maandishi madogo ya kuonyesha matimba na njia ya hewa yatageuka ukungu. Kwa lugha ya kule, dhahabu itakuwa imebaki kwenye marudio. Kupunguza ni kazi ya mtu anayejua kipi ni jiwe na kipi ni mali. Hiyo ndiyo kazi ya uhariri.

Tuanze na picha, maana ndiko mzigo ulipo. Kila picha ya toleo hili ina pikseli 4,000 kwa 3,000, milioni 12. Kioo cha simu nyingi za kawaida kina upana wa pikseli 720. Picha hiyo ikijaza upana wa kioo inatumia pikseli zisizofika laki nne, sehemu moja katika thelathini. Zilizobaki zimesafirishwa ili zitupwe. Ukizipunguza hadi upande mrefu uwe pikseli 1,200 hivi na kuzihifadhi kwa JPEG ya ubora wa kati, kila moja itakuwa na kilobaiti 100 hadi 150, na bado msomaji ataweza kuikuza kidogo. Mchoro wa duara usihifadhiwe kama picha kabisa. Ubaki mchoro wa mistari, ambao ni mwepesi na haufifii hata ukiukuza namna gani. Na kabla ya kupunguza ukubwa, mhariri apunguze idadi. Picha 40 katika kurasa 48? Sita kati yake ni za machweo.

Sauti ni tofauti, na hapa nawatetea. Zile sauti tatu, hasa ya mzee anayesimulia jinsi Mwakitolyo ilivyojaa watu, ni fasihi kamili. Zibaki zote. Ila sauti ya mtu mmoja anayeongea haihitaji ubora wa muziki. Ikirekodiwa kwa njia moja badala ya mbili na kubanwa kwa kiasi cha kilobiti 32 kwa sekunde, dakika 12 zitakaa ndani ya MB 3 na mzee atasikika vizuri tu. Video ya vumbi itoke. Haisemi kitu ambacho aya ya kwanza ya makala ya karasha haijakisema vizuri zaidi.

Fonti nazo. Toleo limebeba fonti nne nzimanzima, zikiwa na herufi za Kigiriki na Kirusi ndani. Kiswahili chetu hakitumii hata q na x. Programu za usanifu zinaweza kupachika herufi zinazotumika tu, mradi msanifu asisahau ile alama ya ng'. Ikikosekana, ng'ombe atapata kisanduku katikati ya jina, na Ng'wanamalundi ataharibiwa jina mbele ya Wasukuma wenzake.

Mwisho, umbo lenyewe. PDF ni karatasi iliyogandishwa. Kwenye kioo kidogo inamlazimisha mtu kuvuta ukurasa kushoto na kulia kama anayevua samaki. EPUB kwa ndani ni kurasa za wavuti zilizofungwa kwenye faili moja lililobanwa. Maandishi yanajipanga kulingana na kioo, yanaweza kukuzwa, kutafutwa, kunukuliwa, na kusomwa kwa sauti na simu ya asiyeona. Kama wasomaji hawana programu ya EPUB, basi PDF ya safu moja, yenye umbo la simu na maandishi yaliyobaki kuwa maandishi. Nimepiga hesabu: picha 34 MB 5, sauti MB 3, maneno, michoro na fonti chini ya MB moja. Toleo lilelile, bila aya hata moja kukatwa, lingekuwa karibu na MB 8.

Nilijadiliana haya na kijana mmoja msanifu kurasa, kazi zake naziheshimu. Akanipinga kwa hoja nzito. "Kaka," akaniambia, "unataka tuwatengenezee watu wa machimbo toleo la kimaskini. Mtu wa Masaki aone picha kali, mtu wa Geita aone picha iliyochoka. Hiyo ni heshima?" Hoja hiyo siichukulii kirahisi. Mchimbaji anastahili kitu kizuri kama mtu mwingine yeyote, na historia yetu imejaa vitu vya daraja la pili vilivyopelekwa mikoani kwa jina la kuwasaidia watu. Ila uzuri unaokaa kwenye seva haujamheshimu mtu. Na jarida jepesi si lazima liwe baya. Picha ya pikseli 1,200 iliyopigwa kwa jicho inabaki picha, na ile ya milioni 12 isiyo na kitu cha kusema inabaki haina kitu. Kama kuna anayetaka toleo zito la kuangalia kwenye kioo kikubwa, litengenezwe na liwekwe pembeni. La kwanza, lenye jina la jarida, liwe lile linalofika.

Kwa kweli Kiswahili kina mapokeo marefu ya majarida shirikishi, na yalikuwa mepesi mno. Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923. Lilikuwa la serikali ya kikoloni na lilikuwa na ajenda zake, lakini kurasa zake za barua na mashairi zilijazwa na wasomaji, Shaaban Robert akiwa miongoni mwao. Baada ya uhuru malumbano ya mashairi yaliendelea kwenye magazeti: mmoja anatoa swali kwa vina na mizani, wa mkoa mwingine anajibu, wa tatu anawasuluhisha. Shairi la beti kumi, mistari minne, mizani kumi na sita, lina uzito wa kilobaiti moja na nusu hivi. Picha moja tu ya toleo hili ingebeba mashairi ya namna hiyo zaidi ya elfu moja. Karibu na zama zetu, Shujaaz ya Kenya ilipoanza mwaka 2010 ilikuwa katuni ya karatasi iliyogawiwa bure ndani ya Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa, ikiwa na redio pembeni, na vijana wakimwandikia Boyie, mhusika mkuu, kana kwamba ni jirani yao. SMS moja ni herufi 160. Ushirikishi wa kweli ndio huo, na hauna uzito wowote wa kumshinda mtu. Kinachotakiwa ni mhariri aliye tayari kujibiwa.

Hapo ndipo ninapolaumu kwa dhati. Neno shirikishi tumelikabidhi kwa vitufe. Tukahesabu mibofyo, tukaacha kuhesabu majibu. Kurasa zikawa nzito kwa sababu ya vitu vinavyojifanya kumsikiliza msomaji, na uzito huohuo ukawazuia wasomaji wenyewe wasifike karibu. Mama wa Nyarugusu ana sahihisho la sekunde kumi. Kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp lingekuwa na makumi machache ya kilobaiti, na lingeipa makala nzima uti wa mgongo.

Wahakiki nasi tuna la kufanya. Juu ya kila uhakiki tunaandika jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa. Mimi kuanzia leo nitaongeza uzito, na nitaongeza kama kuna njia ya msomaji kujibu.

Kwa hiyo: kurasa 48, MB 146, njia ya kujibu hakuna. Maandishi nayasifu, hasa ile makala ya marudio, na nitamshauri yeyote mwenye bando ayatafute. Jarida kama jarida silisifu bado. Wakilitoa upya kwa MB 8, likiwa na namba ya simu na kurasa mbili za majibu, nitalihakiki upya, na safari hiyo nitaanza na barua.